Nguzo ya Usukani Katika Ford ya 1930: Nilivyoichagua na Kuifunga

Katika gereji yangu hapa Ohio kuna Ford Model A ya mwaka 1930 ninayoijenga kwa mwaka wa tatu sasa, na kipande kilichonila muda kuliko injini, breki na rangi ni bomba la chuma lisilofika hata mita moja, yaani nguzo ya usukani. Ufundi niliuanzia Ngamiani, Tanga, kwenye Land Rover na malori ya Bedford, ambako stelingi ikilegea unakitafuta kilichokufa, unanunua cha aina ileile na kukirudisha mahali pake. Hotirodi haikupi njia hiyo. Hilo ni gari kuukuu la Kimarekani, mara nyingi Ford ya miaka ya 1920 au 1930, lililopunguzwa uzito na kutiwa injini kubwa, kwa desturi iliyokuzwa na vijana wa kusini mwa California waliokuwa wakishindana kwa kasi juu ya maziwa makavu kama Muroc kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika gari langu injini ni V8 ya Chevrolet ya lita 5.7, boksi la usukani, yaani sanduku la gia linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kukata magurudumu, ni la Chevrolet Vega ya miaka ya 1970, ekseli ya mbele ni ya Ford, na usukani wenyewe nimeununua mpya. Hakuna kiwanda kilichowahi kuvikutanisha vitu hivyo, kwa hiyo anayevikutanisha ndiye anayebeba dhamana ya kila boliti.

Nguzo ya asili niliifungua kwa heshima, nikaifunga kwa gunia na kuihifadhi juu ya dari. Katika Model A nguzo hiyo ilikuwa na kazi nyingi: chini ya usukani kuna vijiti viwili, cha kushoto cha kuwahisha au kuchelewesha cheche za plagi na cha kulia cha mafuta, na katikati kuna kitufe cha honi pamoja na swichi ya taa, hata dereva wa zama hizo aliielekeza injini yake ya nguvu-farasi 40 kwa ncha za vidole bila kuondoa mikono kwenye usukani. Napenda kuitazama. Hata hivyo shafti yake ni chuma kimoja kigumu, kilichonyooka kutoka kwenye boksi hadi mbele ya kifua cha dereva. Gari likigonga uso kwa uso na fremu ikarudishwa nyuma, boksi hurudi pamoja nayo, shafti hurudi pamoja na boksi, na kitu cha kwanza kuisimamisha ni mbavu za mtu. Watu wengi walikufa hivyo katika magari yaliyokuwa hayajaharibika sana. Ndiyo sababu kampuni ya General Motors ilianza kuweka nguzo zinazojikunja katika magari yake ya mwaka 1967, na kuanzia tarehe 1 Januari 1968 kanuni ya serikali ya Marekani ikataka kwamba, gari linapogongeshwa ukutani kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa, nguzo isirudi nyuma kumwelekea dereva zaidi ya milimita 127. Gari la 1930 halimo katika kanuni hiyo, lakini atakayekaa nyuma ya usukani wake ni mimi, na siku nyingine ni kijana wangu.

Kosa langu kubwa lilikuwa la mpangilio: nilinunua nguzo kabla ya kufunga kiti. Niliipata kwa wauza vyuma chakavu, imetoka katika gari la General Motors la miaka ya 1970, ya aina inayoinama, yenye swichi za indiketa na hazadi (taa za dharura) ndani yake, na bei yake ilikuwa nafuu sana. Mafundi wengi wa hotirodi hupenda nguzo hizo, na wana haki, kwa sababu zimetengenezwa vizuri na vipuri vyake bado vinapatikana. Ila anayeichukua kutoka kwenye skrepa anapaswa kuichunguza mambo mawili kabla ya kutoa fedha. La kwanza ni mtikisiko wa kichwa: katika nguzo hizo zinazoinama kuna boliti nne zilizojificha ndani kabisa, na zikilegea usukani mzima hucheza juu na chini mkononi. Hilo linatibika, ingawa ni lazima ufumue karibu kila kitu ili uzifikie. La pili halionekani kwa macho. Shafti ya nguzo inayojikunja imeundwa kwa vipande viwili, kimoja kimeingia ndani ya kingine, na vimeshikanishwa kwa vipini vya plastiki ambavyo vimekusudiwa kukatika siku ya ajali. Fundi asiyejua, akitaka kuitoa nguzo iliyoganda, huigonga ncha yake kwa nyundo, na plastiki ile hukatika siku hiyohiyo.

Yangu ilikuwa imegongwa. Nililigundua hilo wiki mbili baada ya kuinunua, nilipoilaza mezani, nikaibana sehemu ya juu kwenye jiliwa na kuivuta ncha ya chini kwa mkono. Ikatoka karibu sentimita 4, kisha nilipoisukuma ikarudi ndani bila ukaidi wowote. Usukani ungegeuka kama kawaida, na huenda ningeendesha nao mwaka mzima bila kuhisi lolote, lakini ule ukinzani uliopimwa na wahandisi ulikuwa umekwisha kutumika. Niliirudisha nguzo ile kwenye skrepa, wala sikumlaumu sana muuzaji, kwa kuwa hata yeye aliinunua ikiwa tayari imeng'olewa.

Baada ya hapo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilifunga kiti mahali pake pa kudumu kikiwa na sponji yake, nikafunga pedali zote tatu, nikalifunga boksi kwenye fremu, ndipo nikakaa. Nguzo ni mstari unaounganisha vitu viwili visivyosogea, yaani mikono ya dereva na boksi. Mpaka ncha hizo mbili ziwe zimekaa, huwezi kujua mstari wenyewe una urefu gani wala umelala kwa pembe gani. Nilichukua bomba la plastiki la maji la inchi 2, nikakata duara la kadibodi lenye kipenyo cha inchi 15 na kulibandika juu yake, nikalining'iniza bomba kwa kamba kutoka kwenye dari la gari, kisha nikakaa jioni tatu mfululizo nikiligeuza, nikiingia na kutoka, nikikanyaga klachi, nikijifanya ninakata kona. Mke wangu aliniuliza kama gari limeshawaka. Lakini kadibodi ile ilinifundisha mambo ambayo futi kamba isingeniambia. Ilinionyesha kwamba chumba cha Model A ni chembamba mno, hivi kwamba bomba likisogea kulia sentimita 3 tu, kiatu kinachotoka kwenye breki kwenda kwenye mafuta hulikwaruza. Na kwamba pembe iliyonipendeza kwa macho, ile iliyolala kama katika magari ya mashindano, iliuweka ukingo wa chini wa usukani juu ya paja langu, kiasi kwamba nisingeweza kuinua goti kukanyaga klachi.

Usukani wa inchi 15 niliuchagua kwa hesabu. Boksi la Vega halina pawa, na nguvu inayohitajika kugeuza huongezeka kadiri usukani unavyopungua: ukitoka kwenye kipenyo cha inchi 17 ukaenda kwenye 13, mikono itavuta karibu asilimia 30 zaidi ili kupata matokeo yaleyale. Usukani wa inchi 13 hupendeza katika picha, ila jaribu kuegesha gari nao kwenye uchochoro.

Kwa hiyo nikaagiza nguzo mpya. Hapa Marekani kuna karakana zinazotengeneza nguzo kwa ajili ya hotirodi tu, zenye indiketa na hazadi ndani yake, kwa urefu mbalimbali. Niliyoichukua ni ya inchi 30, sawa na sentimita 76, isiyo na swichi ya ufunguo kwa sababu ufunguo nimeuweka kwenye dashibodi, isiyo na mkono wa gia kwa sababu gia zangu ziko sakafuni, na inayoinama. Juu ya hilo la kuinama wenzangu hapa walinipinga, wakasema kichwa chake ni kinene na kinaharibu sura ya gari la zamani. Sikubaliani nao. Katika chumba kidogo namna hii, kuweza kuuinua usukani unapoingia na kuushusha unapoendesha ni jambo linalohisiwa kila siku, na unene ule huonekana na mtu aliyeinama dirishani tu. Swali ambalo kila mnunuzi anapaswa kuliuliza waziwazi, na kupata jibu la waziwazi, ni kama nguzo hiyo hujikunja wakati wa ajali, kwa kuwa si zote zinazouzwa kwa ajili ya magari haya hufanya hivyo. Kama haijikunji, basi usalama utautafuta chini yake, kwa shafti ya kati, ile inayotoka kwenye nguzo hadi kwenye boksi, inayoingia ndani yenyewe na kwa njia isiyonyooka, ili boksi likisukumwa nyuma shafti zikunjane kwenye viungo badala ya kuwa mkuki mmoja. Mimi niliitaka inayojikunja, na hata hivyo nikaweka shafti ya kati ya aina hiyo.

Sasa nifike kwenye krosi, yaani viungo vinavyounganisha shafti mbili zisizo katika mstari mmoja, ambako ndiko moyo wa kazi yote ulipo. Nguzo yangu inaishia kwa ncha ya inchi 1 yenye meno 48, boksi lina ncha ya kipimo kingine, na kati yake kuna injini pamoja na ekzosi yake ya kushoto. Kabla ya kununua krosi yoyote, hesabu meno na upime kipenyo kwa kalipa, maana krosi isiyolingana hata kwa jino moja haina matumizi. Krosi moja hufanya kazi vizuri hadi kufikia nyuzi 30 hivi. Ikizidi hapo huanza kukaza, na mafundi huongeza krosi nyingine ili kuigawa pembe. Lakini kuna tabia ya krosi ambayo wengi hawaijui hadi waihisi mikononi. Shafti mbili zilizounganishwa kwa krosi katika pembe hazizunguki kwa mwendo mmoja. Ya kwanza ikizunguka sawasawa, ya pili huwahi na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 30 mwendo wake hupanda hadi mara 1.15 na kushuka hadi mara 0.87 ya ule wa kwanza. Krosi ya pili ikiwekwa vizuri hufuta kasoro ya krosi ya kwanza, na usukani ukawa laini kabisa. Ikiwekwa vibaya huizidisha.

Kuwekwa vizuri maana yake ni hii: kila krosi ina jozi mbili za masikio, yaani matawi ya chuma yanayoushika msalaba wa katikati, na katika shafti ya kati masikio yaliyo juu na yaliyo chini lazima yatazame upande mmoja, kama vile macho ya sindano mbili unayotaka kupitisha uzi uleule. Hilo ni kweli pale ambapo pembe zote mbili zinakunja katika bapa moja na zinakaribiana kwa ukubwa. Zikikunja moja kushoto na nyingine chini, masikio huhitaji kusogezwa kidogo hadi mkono uridhike. Mara ya kwanza nilifunga kwa haraka jioni. Nilipougeuza usukani magurudumu yakiwa yameinuliwa, nilihisi uzito, kisha wepesi, kisha uzito tena, mara mbili katika kila mzunguko, kwa mpangilio usiobadilika. Nikadhani boksi la Vega limekufa. Nililitoa kwenye fremu, nikalizungusha peke yake juu ya meza, likawa laini kama siagi. Asubuhi nilipolala chini ya gari na tochi ndipo nikaona masikio ya juu na ya chini yamepishana. Shafti yangu ya kati upande mmoja ina meno 36, kwa hiyo kila jino ni nyuzi 10, nami nilikuwa nimekosea kwa meno manne. Nikaichomoa, nikairudisha meno manne, na ule uzito ukatoweka papo hapo.

Kwa sababu ya ekzosi sikuweza kufika kwa krosi mbili. Nilikuwa nimekwisha kuchagua ekzosi za Chevrolet za chuma cha kumimina ambazo mdomo wake uko katikati ya injini, kwani zinaacha nafasi nyingi zaidi pembeni, na bado shafti ilipita karibu kuliko nilivyotaka. Nikaongeza krosi ya tatu. Hapo pana sharti lisilo na mjadala: shafti yenye krosi tatu haiwezi kujishika yenyewe, itajikunja kama kamba mara tu ukigeuza usukani, na ni lazima katikati yake uweke beringi iliyofungwa kwenye fremu. Niliichomelea fremu kipande cha chuma cha milimita 6 na kuifunga hapo beringi ya duara inayojipinda yenyewe, nikahakikisha kwamba shafti inazunguka ndani yake bila kulazimishwa. Kisha nikapima mara kadhaa kwamba hakuna sehemu ya shafti iliyo karibu na ekzosi kuliko milimita 25, kwa kuwa joto hukausha grisi ya krosi, na injini ya V8 inapokanyagwa huyumba juu ya mipira yake.

Mihimili ya nguzo yenyewe ni miwili, sakafuni na chini ya dashibodi. Sakafuni kazi ni ndogo. Juu ndiko penye taabu, kwa sababu katika Model A tangi la petroli liko mbele ya dereva, ndani ya bodi, chini kidogo ya kioo, na nguzo ya asili ilikuwa ikishikiliwa hapohapo. Mimi tangi nililihamishia nyuma, kwa kuwa sikuona raha kuketi na petroli juu ya magoti, basi pakabaki uwazi usio na kitu cha kushikia. Nilipitisha bomba la chuma kutoka nguzo moja ya mlango hadi nyingine, nikalichomelea, na chini yake nikafunga kishikio. Kishikio hicho kinabeba zaidi ya uzito wa nguzo, maana kila anayeingia katika gari la chini namna hii hujivuta kwa kuushika usukani, na mtu wa kilo 90 akijivuta mara elfu moja, chuma chembamba cha dashibodi hupasuka.

Nyaya sitazisemea sana. Nguzo nyingi za kisasa za hotirodi hufuata rangi za General Motors: nyeupe hutoka kwenye swichi ya breki, zambarau huleta umeme wa indiketa, kahawia wa hazadi, njano na kijani kibichi huenda taa za nyuma, kushoto na kulia, bluu mbili huenda mbele, na nyeusi ni ya honi. Anayetumia taa moja ya nyuma kwa breki na indiketa lazima aupitishe umeme wa breki ndani ya nguzo, la sivyo moja itaiua nyingine. Honi yangu ilikataa kulia siku nzima. Kitufe cha honi hufanya kazi kwa kuunganisha ule waya mweusi na bodi, nami nilikuwa nimepaka rangi nzito vishikio vyote viwili, na sakafuni nikaweka mpira, kwa hiyo nguzo nzima ilikuwa imetengwa na bodi. Waya mmoja mfupi kutoka kwenye nguzo hadi fremu ulimaliza tatizo.

Usukani niliufunga mwisho kabisa. Boksi lina mahali pake pa katikati ambapo meno yake yamekazana zaidi, na gari linapokwenda moja kwa moja linapaswa kuwa hapo hasa. Nilihesabu mizunguko kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, nikaigawa kwa mbili, nikaliacha boksi hapo, nikanyoosha magurudumu kwa kurekebisha rodi, ndipo nikaweka usukani ukiwa umenyooka. Kijana wangu aligeuza usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi huku mimi nimelala chini na tochi, nikiiangalia kila krosi inapopita karibu na kitu.

Kila krosi hushikwa, katika kila ncha yake, na skrubu ya kubana yenye nati ya kufunga. Skrubu hiyo haitoshi kuegemea juu ya shafti tu. Inatakiwa shafti itobolewe kijishimo, ncha ya skrubu ikae humo, thredi zitiwe gundi, ndipo nati ikazwe. Nilipomaliza nilichora mstari mwembamba wa rangi ya njano ukipita juu ya kila nati na krosi yake, ili ikisogea nione. Nikaendesha kilomita 80 katika barabara za mashambani, polepole, usukani ukiwa mwepesi na mnyoofu mkononi, nikarudi na kulala tena chini ya gari. Mistari mitano ilikuwa imenyooka. Wa sita, kwenye krosi iliyo juu ya boksi, ulikuwa umekatika kwa unene wa kucha. Nilipoifungua nikakuta kijishimo nilichokitoboa hakikufika hata milimita 1, na skrubu imeacha mchirizi unaong'aa ubavuni mwa shafti. Nikatoboa upya, nikaweka skrubu mpya, nikakaza, nikachora mstari mwingine, na kesho asubuhi nitaenda kilomita 80 nyingine.